Jicho Pofu la Nelson

Waingereza husema kwamba mtu "amegeuza jicho pofu", yaani ameliona jambo akajifanya hakuliona. Sisi husema amelifumbia macho. Maana ni moja, walakini msemo wao husimuliwa pamoja na kisa ambacho twaona chafaa kupimwa.

Tarehe 2 Aprili 1801 manowari za Uingereza zilipigana na Wadenmarki mbele ya mji wa Copenhagen. Mkuu wa msafara alikuwa Hyde Parker. Msaidizi wake, Horatio Nelson, ndiye aliyeongoza mashambulio. Mapigano yalipopamba moto, Parker, aliyekuwa mbali, alipandisha bendera za ishara namba 39: acheni vita. Nelson alikuwa amepoteza nuru ya jicho la kulia huko Calvi, kisiwani Corsica, mwaka 1794. Yasimuliwa kwamba aliiweka darubini kwenye jicho hilo, akasema haioni ishara. Akaendelea, akashinda, na mwezi uliofuata akapewa ukuu badala ya Parker.

Ndiyo maana kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Lakini je, ushindi waweza kuutakasa uongo? Siku ile ile nahodha Edward Riou, wa manowari Amazon, aliiona ishara ya Parker, akatii, akageuza chombo chake. Na katika kuondoka huko akauawa kwa risasi ya mzinga. Wasimulizi wa kisa cha darubini ni nadra kumtaja.

Hata hivyo tumpe Nelson haki yake. Hakujifanya kipofu ili aikimbie hatari, bali apate kubaki ndani yake. Maofisa waliosimama karibu naye walijua wazi alifanyalo, na kama angeshindwa, lawama ingalikuwa yake.

Jicho letu pofu ni la namna nyingine. Baba amwona mwanawe amerudi na baiskeli isiyo yake, asiulize imetoka wapi. Karani amwona mwenzake akidokoa fedha za chama cha ushirika, akainamia daftari lake. Jirani asikia usiku kilio cha mtoto apigwaye kupita kiasi, na asubuhi awasalimu wazazi, "Hamjambo?", akapita. Kila mmoja wao amekwisha kuona kwa jicho zima. Kipofu wa kweli hana la kujibu, wao wanalo. Nao hawajihatarishi hata kidogo: hatari yote wamemwachia mwingine, na mara nyingi huyo ni mdogo kuliko wao.

Jirani huyo hakuombwa ashinde vita. Abishe hodi, asipofunguliwa, aende kwa mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi, tena usiku ule ule.