Nyakati Tatu za Faragha: Mapenzi ya Mume na Mke Baada ya Kuja Watoto

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu aliyeumba kila kitu kwa jozi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kesi zinazofika mbele ya kadhi huwa na majina yanayojulikana: nafaka, mahari, malezi, kipigo, kughibu kwa mume. Kila moja ina mlango wake katika vitabu vya fiqhi, na ina mizani yake. Lakini iko kesi nyengine isiyokuwa na jina. Mke mmoja wa Maskati alifika akaomba khului, naye hana jeraha mwilini wala njaa tumboni. Mume alipoulizwa aliapa, tena kwa kweli, kwamba hajapatapo kukosa kulipa kodi ya nyumba, wala ada za skuli, wala umeme. Mke hakukanusha. Alipotakiwa aeleze dhara iliyompata alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba wamekaa miaka kumi na moja, wamejaaliwa watoto wanne, na tangu alipozaliwa wa pili hawajazungumza jambo lisilokuwa la watoto. Akaongeza kwamba hamchukii mumewe, amemsahau tu.

Kadhi alitafuta mlango wa kuiandikia kesi hiyo asiupate. Akafanya aliloamrishwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 35: akataka aletwe mpatanishi mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke.

Kabla ya kuelezwa walilolifanya wapatanishi hao, inafaa litazamwe jambo lenyewe kwa dalili zake, kwani wengi hudhani kwamba mahaba ni mambo ya fungate, na kwamba mtu akishakuwa baba au mama huyaweka kando kama nguo ya harusi. Dhana hiyo haina asili katika dini. Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu amelihesabu kuwa ni katika ishara Zake kuwaumbia watu wenza kutokana na nafsi zao ili wapate utulivu kwao, na kutia baina yao mapenzi na huruma. Watoto hawakutajwa katika aya hiyo. Wametajwa katika Sura ya An-Nahl, aya ya 72, ya kwamba ni kutokana na wenza hao ndiyo wakapatikana watoto na wajukuu. Wenza wametangulia, watoto wakafuata. Mwenye kuugeuza mpango huu, akamfanya mwenzake kuwa ni mtumishi mwenziwe katika kazi ya kulea na si zaidi, ameuharibu msingi kwa kuipenda dari.

Tena iko aya ambayo wazazi wengi huisoma wala hawaioni kuwa inawahusu. Nayo ni aya ya 58 ya Sura ya An-Nur. Humo watoto ambao hawajabaleghe wameamrishwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wazazi wao katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Aya inayofuata imewataka wakishabaleghe waombe ruhusa nyakati zote. Na izingatiwe vizuri hukumu hii. Mtoto mdogo hana taklifu. Hatakiwi kusali kwa wajibu wala kufunga. Juu ya hivyo, katika jambo hili amri imeshuka kwa ajili yake, na wazazi ndio wenye kubeba jukumu la kumfundisha. Ikiwa mtoto ameamrishwa kubisha hodi, basi lazima ndani ya mlango ule pawe na jambo la kubishiwa hodi. Sharia imewawekea mume na mke nyakati tatu katika kila mchana na usiku zilizo zao peke yao, na haikusema kwamba haki hiyo huondoka kwa kuzaliwa mtoto. Bali imewekwa kwa sababu watoto wamo ndani ya nyumba.

Sasa na itazamwe hali ya nyumba nyingi za Ghuba. Mtoto mwenye miaka saba hulala baina ya baba na mama, na mlango wa chumba haujapata kufungwa tangu siku ya arubaini. Mama husema ni huruma. Huruma ya mtoto mchanga ni jambo jengine, wala hakuna anayelikataza. Lakini mwenye miaka saba anafundishwa Sala, basi na hodi afundishwe. Waswahili wa pwani walikuwa na adabu hii tangu zamani, hata mtu mzima hakuweza kuvuka kizingiti cha jirani bila ya kusema neno hilo na kusubiri kuitikiwa. Ni ajabu kwamba neno limevuka bahari mpaka Maskati na Dubai, likafika mlango wa mbele wa fleti, likashindwa kufika mlango wa chumba cha kulala.

Ama Mtume (S.A.W.), alikuwa ni baba. Bibi Khadija (R.A.) alimzalia Qasim, Zainab, Ruqayya, Ummu Kulthum, Fatima na Abdullah, na ulezi huo haukumfanya awe kwake mama wa watoto tu. Miaka mingi baada ya kufa kwake, alikuwa akichinja mbuzi akawapelekea nyama rafiki zake Khadija. Na baada ya vita vya Badr, binti yao Zainab alipoleta kidani ili amkomboe mumewe aliyekuwa mateka, Mtume alikitambua kuwa ndicho alichovishwa na mama yake siku ya harusi, na moyo wake ukalainika mno. Mtu hakitambui kidani cha mwanamke ambaye hakuwa akimtazama.

Jabir bin Abdillah (R.A.), naye ni mwengine si Imamu wetu Jabir bin Zaid, alikuwa akirudi safarini pamoja na Mtume, naye ameoa karibuni. Mtume alimuuliza kama ameoa bikira au mjane. Akajibu kuwa ni mjane. Hapo Mtume akamuuliza kwa nini hakuoa bikira, wakacheza naye. Jabir akaeleza kwamba baba yake aliuawa siku ya Uhud akaacha mabinti wengi, saba au tisa kwa kutafautiana mapokezi, na kwamba ametaka mke atakayewachana nywele na kuwasimamia. Mtume alimkubalia udhuru wake na kumuombea baraka. Lakini na itazamwe lililoulizwa mwanzo: mchezo baina ya mume na mke umetangulia kuulizwa kabla ya habari ya ulezi. Na walipoukaribia mji, Mtume aliwazuia wasiingie ghafla, wasubiri kwanza mpaka jioni ili mke apate kuchana nywele zake na kujitengeneza. Jabir ana mabinti wote wale nyumbani, na bado mkewe akapewa saa yake ya kujipamba.

Mashindano ya mbio ya Mtume na Bibi Aisha (R.A.) yanajulikana na kila mtu, lakini wengi hulisimulia la kwanza wakaliacha la pili. Mara ya kwanza Aisha alikuwa mwepesi akamshinda. Mara ya pili miaka imepita, mwili umeongezeka, naye ameshasahau. Mtume akawaambia watu watangulie, wakashindana, akamshinda, akacheka na kumkumbusha kuwa hii ni badala ya ile. Mafundisho yamo katika hiyo ya pili. Na mambo haya ya nyumbani yasingelifika kwetu lau si kwamba wanavyuoni waliyauliza. Imepokewa kwamba Imamu Jabir bin Zaid, aliyetoka upande wa Nizwa akakaa Basra, alimuuliza Bibi Aisha hata yale ambayo wengine huona haya kuyauliza, naye hakumfukuza.

Hapa lisemwe neno juu ya masafa. Wako waume wanaokaa wiki mbili jangwani, katika visima vya mafuta vya Fahud na Marmul, na wako wanaofanya kazi Imarati na familia zao ziko Oman. Mwenyezi Mungu amemuwekea aliyeapa kutomkurubia mkewe muda wa miezi minne, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 226. Na kwa Maibadhi miezi hiyo ikipita bila ya kumrejea, mke hutoka katika ndoa. Sayyidna Umar (R.A.) naye alimuuliza bintiye Hafsa muda ambao mke anaweza kumvumilia mume aliyeghibu, akaweka mpaka kwa askari wake. Mtu atasema yeye hakuapa, na kila wiki yumo nyumbani. Ni kweli, na hakuna hukumu ya ila juu yake. Lakini wapo waume ambao wamo nyumbani kila usiku na masafa yao ni marefu kuliko ya askari wa Umar.

Wapatanishi wa kesi ile walikuwa mjomba wa mke na ami wa mume, na huyu wa pili alikuwa mwalimu mstaafu. Hakuuliza nani ana kosa. Aliomba karatasi, akachora siku saba, akamtaka kila mmoja ajaze saa zake. Ikadhihiri kitu ambacho wote wawili walikuwa wakiishi ndani yake bila ya kukiona. Mume anafanya kazi Abu Dhabi. Oman imekuwa ikipumzika Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013, ilhali Imarati tangu mwanzo wa mwaka 2022 inapumzika Jumamosi na Jumapili pamoja na nusu ya Ijumaa. Mume hutoka Ijumaa mchana, akapita mpakani, akafika Maskati usiku watoto wamelala. Jumapili asubuhi mke, ambaye ni mwalimu, amekwenda skuli pamoja na watoto, na mume amebaki na nyumba tupu mpaka wakati wa kurudi. Siku yao ya pamoja ni Jumamosi peke yake, na Jumamosi hiyo ilikuwa imejaa: kununua vyakula wiki nzima, kinyozi, ziara za jamaa wa pande mbili, na hesabu za mtoto mkubwa.

Ami akachukua kalamu akafuta Jumamosi kuanzia Alasiri mpaka Isha. Mama wa mke akasema watoto waletwe kwake. Mke akapinga, akasema mdogo hali chakula kwa mtu mwengine. Mama yake akamjibu kwamba yeye mwenyewe alilishwa na bibi yake kule Unguja na hakufa. Na hapa pana jambo la kusikitisha kidogo: bibi harusi wa Kiswahili huwekewa somo, akafundishwa kujipamba, kufukiza udi, kuvaa kikuba cha asumini na kumpokea mume, kisha fungate ikamalizika somo akaenda zake. Hapana somo anayerudi baada ya mtoto wa kwanza, wakati ambapo ndipo anapohitajiwa zaidi. Na bwana harusi hakuwekewa mtu tangu mwanzo.

Khului ikaahirishwa kwa miezi mitatu kwa ridhaa ya wote wawili. Jumamosi ya kwanza walikwenda Matrah, na njia nzima walizungumza habari za meno ya mtoto. Ya pili walinyamaza. Ya tatu walisimama njiani kununua mishkaki, mume akamwagikiwa ukwaju kwenye dishdasha yake nyeupe, mke akacheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, na mume akasema kwamba hajakisikia kicheko kile tangu wakikaa katika chumba kimoja cha kupanga. Mwezi wa pili walipanda Jabal Akhdhar kwa gari la kuazima, kwani polisi walioko chini ya mlima hawaruhusu kupandishwa gari isiyokuwa na nguvu za magurudumu manne, wakaona mawaridi katika msimu wake, wakasali Magharibi huko juu kwenye baridi, na wakachelewa kurudi.

Kwenye mlango wa chumba mume alitia kitasa. Mtoto wa tatu, mwenye miaka sita, alilia mausiku mawili. Usiku wa tatu, baada ya Isha, alifika mpaka mlangoni, akasimama, kisha akabisha hodi.

Wabillahi Ttaufiq.