Mateka Aliyebadilisha Sare

Ndugu msomaji, mtu akitekwa vitani, kisha yule aliyemteka akampa bunduki na kumwambia awapige wenzake wa jana, je, huyo ni khaini? Suala hili si la kubuni. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha jeshi lao la Keya, na wengi katika askari wake wa mwanzo walikuwa askari wa Mjerumani waliotekwa katika nchi hii hii. Wengi wao walikuwa Waislamu.

Mzee mwenzangu, mzaliwa wa Nyamigogo, huko baina ya Ngara na Biharamulo, aliniuliza hukumu ya babu yake. Wabelgiji walipoingia Biharamulo Juni 1916 babu alirudi nyuma na Wajerumani. Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba. Naye akatekwa na Waingereza kusini, akatoka kifungoni amevaa sare nyingine. Wajukuu wamegawanyika. Baadhi yao huona haya hata kumtaja.

Kwanza tutazame wajibu wa aliyeteka. Katika vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu waliteka watu wapatao sabini. Mmoja wao, Abu Aziz bin Umair, alisimulia baadaye kwamba Maansari waliomshika walimpa yeye mkate, wao wakala tende, kwa sababu Mtume (S.A.W.) aliwausia juu ya mateka. Na waliokosa fidia lakini wakajua kuandika, uhuru wao ulikuwa kufundisha kila mmoja watoto kumi. Tazama basi: mateka alitakiwa kalamu, hakutakiwa kuwapiga ndugu zake wa Makka.

Wazungu nao walikuwa na mkataba wao wa Hague wa 1907, unaokataza kuwalazimisha raia wa adui kupigana na nchi yao wenyewe. Walakini nchi ya babu huyu ilikuwa ipi? Berlin hakuijua. Nchi yake ilikuwa migomba ya kwao, na majeshi yote yalipita juu yake. Kwa hiyo mimi simwiti khaini wa Mjerumani. Kiapo kwa mtawala aliyekuja kwa bunduki ni uzi mwembamba sana.

Ama kusema kwamba alilazimishwa, hapo tusiende mbio. Mafakihi wameeleza ikrahi na masharti yake: atishiwe kuuawa au kuumizwa vikali, na anayetisha awe aweza kutimiza. Kifungo kirefu kinaweza kufika hapo. Kutamani mshahara hakufiki, na wapo walioingia Keya kwa mshahara, kwani uaskari ndiyo kazi waliyoijua. Tena hata ikrahi kamili haimhalalishii mtu kumuua asiye na hatia.

Basi nilimwambia mwenzangu aache kuuliza babu alivaa nguo ya nani. Aulize bunduki ilielekezwa wapi. Majeshi yale, la Mjerumani na yaliyomfukuza, yaliishi kwa kuchukua nafaka na ng'ombe wa wanavijiji, na kwa kukamata wanaume wawe wapagazi. Aliyefungua ghala la mjane kwa kitako cha bunduki ana deni, awe na sare ya kwanza au ya pili. Mwenzangu alinyamaza kidogo, akasema babu alizoea kusimulia njaa ya kifungoni, ya maghala hakusimulia kamwe.

Husimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wa zamani, wazee walikusanyika Mwanza na wengi hawakuwa na cheti. Mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja, akawaamrisha kwa Kijerumani kama bunduki, nao wakakumbuka. Wapagazi hawakuitwa. Upande wa Waingereza peke yake hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 40,000. Hao hawakuwa na sare ya kubadilisha, na wajukuu zao pia wako Ngara na Biharamulo.