Nusu ya Kuonana: Nasaba, Barua za Kale na Safari

Watu wa pwani husema kwamba waraka ni nusu ya kuonana, na msemo huu umezoeleka kiasi kwamba wachache huuliza ni nusu ipi inayofika na ni ipi inayobaki njiani. Swali ni jepesi maadamu mwandishi na mwandikiwa wako hai: kilichofika ni maneno, kilichobaki ni uso, sauti na nafasi ya kuulizana, na siku moja huenda wakakutana wakaikamilisha hesabu. Ugumu huanza pale waraka unapofunguliwa na mtu wa tatu, yaani mjukuu au kitukuu anayeutoa sandukuni wenyewe wakiwa wameshazikwa, akitaka umweleze nasaba yake. Nasaba hapa ni mlolongo wa uzazi kama unavyohesabiwa na kusimuliwa. Nayo si sawa na ukoo, ambao ni jamii ya watu, wazima na wafu, wanaotambuana kuwa ni wamoja na wanaodaiana haki kwa sababu hiyo. Mtu anaweza kuisoma nasaba yake peke yake chumbani, lakini hawezi kuwa wa ukoo mpaka wengine wakubali.

Jambo ambalo msomaji wa barua za jadi hulisahau upesi ni kwamba barua huzaliwa na utengano. Ndugu waliolala nyumba moja na kuteka maji kisima kimoja hawakuwa na haja ya kuandikiana, kwa hiyo maisha yao ya pamoja, ambayo ndiyo yaliyokuwa undugu wenyewe, hayakuacha karatasi. Aliyeacha karatasi ni yule aliyekwenda bara kufuata pembe, Bombay kufuata biashara au Hadhramaut kufuata elimu. Historia ya ukoo inayotegemea barua peke yake huwa basi ni historia ya walioondoka, na wale waliobaki huonekana kwa mlango wa nyuma tu, ndani ya salamu. Ndiyo maana kuziruka salamu, kama wafanyavyo wasomaji wenye haraka ya kufika kwenye "wa baada", ile kauli ya kale inayofungua habari yenyewe, ni kosa: mstari mrefu wa nisalimie fulani na fulani na wote waliomo nyumbani ni daftari la ukoo lililoandikwa na mtu asiyejua kwamba anaandika daftari, na mpangilio wa majina yake, nani katangulizwa na nani kaachwa, husema mengi kuliko bei ya karafuu inayofuata.

Wakati nao huleta utata. Kabla ya meli za moshi kuanza kuchukua barua za Unguja kwa ratiba mwaka 1872, na kabla ya waya wa telegrafu wa chini ya bahari kufika mwaka 1879, barua kati ya Uarabuni na pwani hii ilisafiri kwa jahazi, ikija na kaskazi katika miezi ya Disemba hadi Machi na kurudi na kusi baada ya hapo, hivyo swali na jibu lake viliweza kuchukua mwaka mzima. Mwandishi aliyesema mama hajambo alijua kwamba ujambo huo ungesomwa ukiwa umekwisha kuchakaa. Kauli ya barua kwa hiyo haikuwa taarifa tu bali ilikuwa pia tumaini, na kitukuu anayeichukua kama ushahidi wa mahakamani huitenda isivyo haki. Hata tarehe humdai subira, kwa sababu mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko ule wa jua kwa takriban siku 11, na barua ya mwaka 1300 inaangukia kati ya Novemba 1882 na mwanzoni mwa Novemba 1883.

Hati yenyewe ina funzo lake. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mtindo wa zamani kilitumia mara nyingi herufi moja, ile ya be, kwa sauti za b, p, mb na mp, na pale irabu zilipoachwa bila ya alama neno lililoandikwa kwa be mbili liliweza kusomwa baba, papa au pamba. Mwandikiwa hakutatizika, kwa maana alijua jamaa yake anazungumzia nini; alisoma kwa kile alichokuwa nacho tayari, na maandishi yalimkumbusha tu. Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, anamfanya Socrates alalamike kwamba maandishi yakiulizwa hurudia neno lile lile daima, na yakishambuliwa hayawezi kujitetea bila ya baba yao. Lalamiko hilo ni la haki, ila halijafika mwisho, kwa kuwa waraka uliohifadhiwa sandukuni si yatima wa baba peke yake. Amekufa pia yule aliyekuwa akijua kinachonyamaziwa. Watu wanaojuana huandikiana kwa kuacha, na kadiri wanavyojuana ndivyo wanavyoacha mengi zaidi, hata ikawa barua zenye mapenzi makubwa ndizo zilizo kimya kuliko zote kwa mgeni.

Hakuna maisha yanayolidhihirisha jambo hili vizuri kuliko ya Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Bet il Mtoni, Unguja, mwaka 1844, akiwa binti wa Seyyid Said bin Sultan. Katika kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, anaeleza kwamba wasichana walifundishwa kusoma lakini si kuandika, na kwamba yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili maneno ya Kurani juu ya mfupa bapa wa bega la ngamia. Ujuzi huo wa siri haukukaa bure. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa mwandishi wa barua za njama ya Barghash dhidi ya Majid, kaka yao aliyekuwa akitawala, na njama ilipovunjika ukoo ulibaki na ufa ambao barua hizo zilisaidia kuuchimba. Waraka kwake haukuwa nusu ya kuonana tu. Kuna walioacha kuonana kwa ajili yake.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akawa mjane mwaka 1870 na watoto watatu wadogo mikononi. Miongoni mwa maandishi aliyoyaacha mna barua kwa nchi ya nyumbani, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, ambamo anamweleza rafiki wa kike aliye Unguja jinsi maisha ya Ujerumani yalivyokuwa. Barua hizo zimeandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo mwanamke wa Unguja wa zama zile ni vigumu kudhani kwamba angeisoma. Bahasha, kama mtu angezitia bahasha, ingeelekea kusini, ilhali lugha inaelekea chumba cha pili, walipokuwa watoto waliokua bila ya kuijua nchi ya mama yao. Hapa dai lililotolewa juu, kwamba kitukuu ni mtu wa tatu tu, linahitaji kurekebishwa: ziko barua ambazo kizazi kijacho si mdukuzi ndani yake bali ndicho mwandikiwa wa kweli, aliyefichwa nyuma ya jina la mtu mwingine kwa sababu mzazi hawezi kumwambia mtoto wake uso kwa uso kwamba anaishi ugenini.

Mtoto mmojawapo, Rudolph Said-Ruete, aliipokea kazi hiyo kwa namna yake. Mwaka 1929 alichapisha kitabu juu ya babu yake Seyyid Said, na maktaba yake imehifadhiwa Leiden, Uholanzi. Upande wa babu ulikuwa na mikataba, mabalozi na tarehe. Upande wa bibi mzaa mama haukuwa na kitu: mama yake Salme alikuwa suria, yaani mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, Mcherkesi aliyeporwa utotoni na kuletwa mbali, na kwa maelezo ya binti yake alikumbuka mambo machache mno ya kwao. Mlolongo unakatika hapo, katika kumbukumbu ya mtoto mdogo, ndani ya jumba la mtawala mwenye nguvu kuliko wote wa pwani hii. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwa mama wa binti wa mfalme, haihitaji maelezo marefu ilivyokuwa kwa waliochuma karafuu mashambani, ambao wengi wao walipewa majina mapya na mabwana na ambao hakuna aliyewabebea waraka kurudi Nyasa au Manyema. Ukimya wa sanduku si ushahidi kwamba hapakuwa na ukoo.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alisema waziwazi kwamba nasaba ni jambo la dhana lisilo na uhakika wake wenyewe, na kwamba faida yake ni huo muungano inaouleta, ule mshikamano wa damu aliouita asabia. Kauli hiyo ingewaudhi wengi wanaotunza shajara ndefu za nasaba, lakini inaeleza kwa nini barua haimtoshi anayeisoma: ijapokuwa sahihi kwa kila jina, barua haiungi. Anayetaka kuungwa hufunga safari.

Msafiri hudhani anakwenda kuona, akiwa na barua mkononi na jina la mtaa, na akifika hukuta mahali pamebadilika zaidi ya karatasi. Salme alipoondoka Unguja, Jengo la Ajabu, lile jumba la kisultani, lilikuwa halijajengwa. Aliporudi mwaka 1885 akiwa na manowari za Kijerumani, Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alikuwa amelijenga miaka miwili nyuma. Na sehemu yake kubwa ikaporomoka Disemba 2020. Wajukuu wa Waunguja waliohamia Omani, wanaorudi kuutafuta mlango waliousikia katika simulizi za bibi zao, huukuta mlango pengine, na nyumba ikiwa ya watu wengine wenye nasaba yao na barua zao. Kama safari ingekuwa ni ya kuona tu, ingekuwa hasara.

Lakini mgeni anayebisha hodi huulizwa kwanza: wewe ni wa nani? Swali hilo linageuza kila kitu, kwa maana aliyekuja kusoma sasa anasomwa. Mzee aliyeketi barazani humtazama paji la uso, husikiliza anavyotamka, hutaja jina ambalo halimo katika barua yoyote, na ama huagiza kahawa ama hubadili mazungumzo. Ile nusu isiyoweza kutiwa katika waraka ni kutambuliwa, nayo hutolewa na aliye hai, na aliye hai ana hiari ya kuinyima. Kilipozikwa kitovu, kama wasemavyo wenyeji, hapamlazimishi mtu yeyote kumfungulia aliyerudi. Barghash alikataa kumpokea dada yake. Kukataa huko kulikuwa na sababu za kisiasa, kwani Wajerumani walikuwa wakidai ardhi ya bara, lakini kulikuwa pia ni kauli ya ukoo, na hapana barua ambayo ingeweza kuibatilisha.

Salme alirudi tena mwaka 1888, akaondoka bila ya haki alizozidai, akaishi miaka mingi Beirut, akafariki Ujerumani mwaka 1924. Kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg, Bet il Mtoni ni magofu, na rafiki aliyeandikiwa zile barua hatajwi jina ndani yake.