Mgema Mwenye Nobeli Mbili

Wahenga walikwisha kutuonya kuhusu mgema anayesifiwa. Linus Pauling, mkemia wa Marekani aliyezaliwa Portland, Oregon, mwaka 1901, alisifiwa kuliko karibu wanasayansi wote wa karne yake, na tukiri mapema kwamba sifa nyingi zilikuwa haki yake. Alieleza jinsi atomu zinavyoshikamana. Mwaka 1949 yeye na wenzake walionyesha kuwa chanzo cha ugonjwa wa seli mundu ni himoglobini yenye hitilafu. Ugonjwa ukafuatiliwa kwa mara ya kwanza hadi kwenye molekuli moja. Kwetu Afrika Mashariki, ambako wazazi wengi wanajua kukesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, hilo si jambo dogo.

Hata alipokosea, alikosea kiungwana. Mapema mwaka 1953 alichapisha kwa pupa umbo la DNA lenye nyuzi tatu, na ndani yake kosa la kemia ya darasani. Miezi michache baadaye alikwenda Cambridge, akaliona umbo la wanasayansi Watson na Crick lenye nyuzi mbili, akakubali kuwa wao ndio waliopatia.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuingia katika vita vingine. Baada ya Hiroshima, mkewe Ava Helen ndiye aliyemsukuma aiache maabara kidogo aseme na watu kuhusu mabomu ya nyuklia. Serikali yake ilimwona msaliti, ikamnyima paspoti kwa muda mwaka 1952. Miaka miwili baadaye akapata Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Januari 1958 aliwasilisha Umoja wa Mataifa ombi la kusimamisha majaribio ya mabomu, likiwa na saini za wanasayansi zaidi ya 9,000. Mwaka 1960 kamati ndogo ya Seneti ilimtaka ataje waliomsaidia kukusanya saini hizo. Alikataa, akijua anaweza kufungwa. Aprili 1962 aliandamana na bango nje ya Ikulu ya Rais Kennedy, kisha jioni akaingia humohumo kwa karamu ya washindi wa Nobeli. Tarehe 10 Oktoba 1963, siku mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya angani ulipoanza kufanya kazi, ikatangazwa kuwa amepewa Nobeli ya Amani.

Miaka hiyo, naona, ndiyo iliyomharibu. Alikuwa amepingwa na wakubwa akiwa na haki; taratibu akaanza kuona kwamba kupingwa kwenyewe ni dalili ya kuwa na haki. Ila kwenye mabomu alikuwa na ushahidi: mionzi iliyodondoka kutoka angani ilipimika.

Mwaka 1970 alitoa kitabu akisema vitamini C kwa wingi huzuia mafua. Yeye mwenyewe alikuwa akimeza gramu kadhaa kila siku, ilhali mahitaji ya mtu mzima hayafiki hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Watu wakamiminika madukani. Nani angebishana na mwenye Nobeli mbili? Majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu yalionyesha kuwa kwa watu wa kawaida haizuii mafua. Hupunguza tu muda wa kuugua, tena kidogo. Badala ya kurudi nyuma, alisonga mbele hadi kwenye saratani, akidai vitamini C husaidia huko pia.

Kliniki ya Mayo ya Marekani ilijaribu dai hilo kwa wagonjwa, ikatangaza mwaka 1979 kuwa vitamini hiyo haisaidii. Pauling akalalamika kwamba wagonjwa wengi walikuwa wametibiwa kwa kemikali kabla, hoja yenye uzito. Basi wakarudia kwa wagonjwa ambao hawakuwa wametibiwa hivyo, na mwaka 1985 jibu likawa lilelile. Akalikataa tena, safari hii kwa sababu nyingine. Yule aliyekwenda Cambridge kutazama kwa macho yake hakuwapo tena. Katikati ya majaribio hayo mawili, mwaka 1981, Ava Helen alifariki kwa saratani ya tumbo.

Katika miaka hiyohiyo, Dan Shechtman wa Israeli aliona chini ya hadubini fuwele ambazo vitabu vilisema haziwezekani. Aliyempinga kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Pauling, akiwadhihaki hadharani yeye na waliomwamini. Shechtman hakuwa na cheo cha kumzidi. Alikuwa na picha zake na vipimo vyake. Pauling alifariki Agosti 1994, akiwa na miaka 93, bila kukubali. Mwaka 2011 Shechtman alipewa Nobeli ya Kemia.