Danieli Naye Alisoma Lugha ya Ugeni

Masomo: Danieli 1:1-17, Nehemia 13:23-25



Kila mwaka tunaombea jamaa zinazokwenda Bulaya. Baba amepata masomo ya miaka miwili ao mitatu, ao mama anakwenda kutunzwa hospitalini, na watoto wadogo wanafuata. Tunaombea viza, tunaombea ndege, tunaombea baridi isiwadhuru. Lakini ile asubuhi ambapo mtoto wa miaka mitano anaachwa kwenye mlango wa shule, kati ya watu wasiojua hata kuita jina lake, hatuiombei. Leo niseme juu ya asubuhi ile.

Tazameni Danieli na wenzake watatu. Walikuwa vijana walipopelekwa Babeli. Mfalme akawapangia miaka mitatu ya kusoma maandiko na lugha ya Wakaldayo, akabadilishiwa kila mmoja hata jina: Danieli akaitwa Belteshaza. Je, walikataa shule? Hapana. Walikataa chakula cha mfalme, lakini shule waliisoma, na Mungu mwenyewe akawapa akili ya kuisoma. Basi mzazi asiogope shule ya ugeni kana kwamba ni mtego wa Shetani.

Katika inchi ya Ubelgiji, ambako wengi wetu wanakwenda, tangu mwezi wa tisa 2020 sheria inalazimisha mtoto kuanza shule akiwa na miaka mitano. Mbele ya hapo ilikuwa sita. Shule ya watoto wadogo inawapokea tangu miaka miwili na nusu, bila minervali, ijapokuwa kuna feza kidogo za chakula cha saa sita na za ulinzi wa jioni. Haki hiyo ni ya kila mtoto, hata yule ambaye wazazi wake hawana karatasi. Wako wanaoficha watoto nyumbani kwa sababu viza imekwisha. Msifanye hivyo.

Sasa niungame mbele yenu. Mimi nilikwenda Bruxelles na mama watoto pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka sita na minne. Tulisema mwaka mmoja, tukakaa mine. Juma la kwanza nikatoa sheria: hapa nyumbani Kiswahili kimekwisha, ni Kifaransa tu, ili watoto washike haraka. Nilijiona baba mwenye hekima.

Kumbe shule haikuhitaji msaada wangu. Watoto walisikia Kifaransa kwa mwalimu na kwa wenzao uwanjani kutwa nzima. Mwaka haujaisha, walikuwa wakinisahihisha mimi. Sheria yangu ilifanya kazi moja tu: ilimfunga mama yao kinywa. Kifaransa chake kilimtosha kununua mkate, hakikumtosha kukaripia, kubembeleza, wala kuhadithia. Mwanamke aliyekuwa akiimba akipika akawa mgeni katika nyumba yake. Maombi ya jioni nayo yakakoma, maana ni yeye aliyeyaongoza. Mimi nilikuwa narudi usiku.

Kisha mkubwa akawa mkalimani. Yeye ndiye alisoma barua za komine, yeye ndiye alisindikiza mama yake kwa daktari. Siku moja, akiwa na miaka tisa, alimweleza mama yake maneno ya ugonjwa ambayo mtoto hapaswi kuyabeba. Usiku ule hakulala. Wapendwa, mkiwa kule tafuteni mtu mzima awafasirie, hata kama mtoto anajua vizuri zaidi.

Na nkambo wao, mama yangu mzazi, alipiga simu kutoka Lubumbashi: “Nipe mjukuu wangu nimsikie.” Mdogo akashika simu, akasikiliza, akaniangalia, akanirudishia. Mama akaniuliza, “Nimemkosea nini?” Nilikosa jibu.

Katika kitabu cha Nehemia, nusu ya watoto wa Wayahudi waliooa wanawake wa mataifa mengine walisema Kiashdodi na hawakujua lugha ya Wayahudi. Nehemia hakugombana na watoto. Aligombana na baba zao, hata akawang'oa nywele. Nikisoma pale ninagusa kichwa changu.

Wale vijana wa Babeli, ni nani aliyewafundisha chakula cha kukataa? Biblia haitaji majina ya wazazi wao. Lakini si shule ya mfalme. Tena, kitabu cha Danieli chenyewe kimeandikwa kwa lugha mbili: kinaanza kwa Kiebrania, katika sura ya 2 kinaingia katika Kiaramu, na tangu sura ya 8 kinarudi katika Kiebrania. Lugha ya ugeni ilipata nafasi yake, na ya nyumbani haikufukuzwa.

Tulifuta ile sheria. Mama akaanza tena: kila jioni watoto wamhadithie kwa Kiswahili mambo ya shule. Mdogo alikirudia. Mkubwa anasikia yote, lakini mpaka leo anajibu kwa Kifaransa.

Kuna neno lingine, na hili ni letu sisi kanisani. Mtoto anayeingia shule ya lugha ya ugeni anaweza kunyamaza darasani majuma mengi, hata miezi. Anasikiliza, anaweka akiba. Nimesikia mzazi akisema mtoto kama huyo ana pepo, akataka afunge kula. Asifungishwe mtoto! Kama anacheza na anasema vizuri nyumbani, mvumilieni. Kama amenyamaza hata nyumbani, hata kwa mama yake, mpelekeni kwa daktari, masikio yake yapimwe, na tuombe pamoja.

Siku ya Mungu inayokuja, jamaa zinazojitayarisha kuondoka zitasimama mbele pamoja na watoto. Wazee wa kila jamaa waje pia, babu, nkambo na shangazi, tuandike nani atampigia mtoto simu na siku gani. Siku ya tatu ya juma shule za kule zinafunga saa sita ya mchana, na mtoto anakuwa nyumbani. Siku hiyo isikose mtu.