Kitabu Mkononi mwa Mtoto



Jioni moja, baada ya mafundisho ya dini, nilimkuta mvulana wa darasa la sita akisoma kitabu chini ya mwembe. Alikuwa ameinama kabisa, hata hakusikia nyayo zangu. Nikatazama jalada, nikaona neno Bandoki, ambalo kwa lugha ya Kikongo maana yake ni wachawi. Sikumwuliza neno. Nilikinyakua, nikamwambia ya kuwa mwana wa Mungu hasomi mambo ya giza, nikakifungia sandukuni mwangu. Jumamosi iliyofuata hakuja kwenye mafundisho. Wala Jumamosi ya pili hakuja.

Jumamosi ya tatu akaja baba yake, ambaye mwenyewe ni mkatekumeni kama ninyi, katika mwaka wake wa pili. Hakunikaripia. Alivua kofia, akaketi, akasema: "Mwalimu, mimi sikwenda shule. Naomba unieleze ubaya uliomo katika kitabu kile, nami nipate kumwonya mtoto." Nikafungua kinywa, nikaona sina la kusema. Akangoja kidogo, kisha akauliza kwa upole: "Je, Mwalimu, umekisoma?"

Nilikuwa sijakisoma.

Usiku ule niliwasha taa nikakitoa sandukuni. Jambo la kwanza nililoliona lilinitia haya. Kitabu kile kiliandikwa na Zamenga Batukezanga, mwandishi Mkongo aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2000, nacho kilipigwa chapa Kinshasa mwaka 1973 na nyumba ya vitabu ya Kikatoliki, Saint-Paul Afrique. Kumbe mimi katekista nimemnyang'anya mtoto kitabu kilichotoka katika mikono ya Kanisa, na kosa lake ni jina tu!

Tangu siku ile swali moja halikuniacha. Sisi wakubwa tuna haki gani ya kumchagulia mtoto kitabu, na haki hiyo yatudai nini?

Wako wasemao kwamba mtoto asome apendavyo, na moyo wake utachuja wenyewe. Sikubali. Hapa Kiambi hakuna mama amwachaye mtoto wa miaka mitatu acheze peke yake ukingoni mwa Luvua. Lakini mama huyo huyo, mtoto akisha kukua, humtuma mtoni na ndoo, na baba humpandisha mtumbwini ili amfundishe kupiga kasia. Mtoto aliyekatazwa mto maisha yake yote hakuokoka na maji. Siku atakapoanguka majini, atazama. Basi haki ya kuchagua tunayo, nayo ni wajibu. Ila kazi yake ni kumwongoza mtoto mpaka siku atakapojichagulia mwenyewe.

Wazee wetu waliyajua haya kabla ya kuletwa kwa herufi. Kando ya moto hawakuwasimulia wadogo kila jambo. Yalikuwako maneno ya watoto, na maneno yaliyongoja wadogo walale. Tena watazameni walivyosimulia habari za Kalulu, yule sungura. Kalulu ni mwongo, ni mwizi, huwadanganya hata wafalme. Sisi sote tumelelewa na hadithi zake, wala sijasikia mtu akisema kwamba Kalulu ndiye aliyemfundisha kuiba. Kwa nini? Kwa sababu bibi alikuwapo. Alicheka mahali pa kucheka, akanyamaza mahali pa kunyamaza, na mwisho akauliza: "Na wewe, ungefanya nini?"

Lakini hapa mtu aweza kunipinga: "Mwalimu, hadithi ya kale ni hadithi, bali kitabu kinachotaja uchawi, uuaji au uzinzi, kwa nini akishike mtoto wa Mkristo?" Jibu limo katika Biblia yenyewe. Humo Kaini anamwua ndugu yake. Mfalme Daudi anamchukua mke wa askari wake, kisha anaagiza askari huyo awekwe mahali pa kuuawa. Sauli anakwenda usiku, amejigeuza mavazi, kwa mwanamke wa Endori mwenye kuita wafu. Roho Mtakatifu hakuona haya kuandikisha mambo hayo. Lakini angalieni yanavyosimuliwa: dhambi haipakwi asali. Daudi anapelekewa nabii Natani; Sauli anarudi gizani akiwa na hofu kuliko alivyokuja. Basi kutajwa kwa ubaya hakukifanyi kitabu kuwa kibaya. Yafaa tuulize kitabu kinaupendezesha ubaya, ama kinautoa nje mwangani.

Kinyume chake pia ni kweli, nacho chaniuma zaidi. Kiko kitabu cha michoro kiitwacho Tintin au Congo, kazi ya Mbelgiji Hergé. Kilitokea mara ya kwanza mwaka 1930 na 1931, Brussels, katika karatasi za watoto zilizotolewa pamoja na gazeti la Kikatoliki. Humo hamna tusi wala uzinzi. Hata mmisionari yumo, tena mwema. Mzazi mwenye kutazama jalada kama nilivyotazama mimi atampa mtoto bila wasiwasi. Lakini wafungue waone jinsi watu wetu walivyochorwa: sura za kuchekwa, akili za kitoto, na mwishoni wanaisujudia sanamu ya kijana mgeni pamoja na mbwa wake! Mtoto wa miaka minane akifunga kitabu hicho aweza kuionea haya ngozi yake, wala asijue haya hiyo imemwingia kwa mlango gani. Mwaka 2007 Mkongo mmoja alikishitaki huko Ubelgiji, na mwaka 2012 mahakama za Brussels zilikataa kukipiga marufuku. Hata mimi nisingekichoma. Mdogo nisingempa. Kijana wa miaka kumi na mitano ningekaa naye, tukifungue pamoja, nimwulize: ni nani aliyechora hivi, naye alitaka tuamini nini? Kisha ningemwambia habari za Stefano Kaoze, mwana wa nchi hii yetu ya Tanganyika, aliyesoma Mpala kwa Mapadre Weupe, akachapisha mwaka 1910 maandiko juu ya fikra za Wabantu, akapewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya Kibelgiji. Michoro ile ilikuja miaka 13 baadaye. Huko Ulaya hawakuwa na udhuru wa kutojua.

Basi mnaona, wapenzi, kwamba jina halitoshi, jalada halitoshi, hata chapa ya watu wa dini peke yake haitoshi. Zamani Kanisa lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa, iliyotolewa Roma mwaka 1559. Mwaka 1966 orodha hiyo iliacha kuwa sheria. Wengine wanadhani kwamba tangu hapo mambo yamekuwa mepesi. Mimi naona yamekuwa mazito, maana mzigo uliochukuliwa na Roma umewekwa juu ya dhamiri ya kila mzazi na kila mwalimu. Na dhamiri isiyosoma itahukumuje? Nimejiwekea sharti: nisimpe mtoto kitabu, wala nisimnyang'anye, kabla sijakisoma mimi mwenyewe.

Kwa vijana wakubwa liko jambo jingine. Mwaka 1521 askari mmoja Mhispania, Inyasi wa Loyola, alivunjwa mguu katika vita vya Pamplona. Akilala kitandani aliomba hadithi za mashujaa wenye farasi, alizozipenda sana. Nyumbani hazikupatikana. Akaletewa maisha ya Yezu Kristu na maisha ya watakatifu, akayasoma kwa kukosa mengine. Ndipo alipoanza kujipeleleza. Akiwaza mambo ya mashujaa alifurahi, kisha moyo ukabaki mkavu. Akiwaza watakatifu alifurahi, na furaha ikakaa. Hakuna aliyemwambia. Aligundua mwenyewe, kwa kusikiliza kilichobaki moyoni baada ya kufunga kitabu. Kijana wako wa kiume au wa kike mwulize hivyo, umwache ajibu kweli. Akisema kitabu cha watakatifu kimemchosha, usimkasirikie. Vingine vimeandikwa vibaya, lazima tukiri.

Nanyi msiojua kusoma, msiseme neno hili haliwahusu. Kumbukeni towashi wa Etiopia katika Matendo ya Mitume, aliyekuwa akisafiri garini huku akisoma nabii Isaya, asielewe. Filipo alimsikia kwa sababu alisoma kwa sauti. Wala Filipo hakumpokonya chuo, wala hakusimama njiani akipiga kelele. Alipanda akaketi karibu naye. Mwambie mtoto wako: nisomee. Kama ni Kifaransa, mwambie akufasirie. Utajua kilichomo, na mtoto atajua kwamba kitabu si kitu cha kufichwa. Hapa kwetu vitabu ni vichache, vyaja katika mizigo ya wachuuzi, na mchwa hawana huruma. Kimoja chaweza kupita nyumba kumi kikifungwa vizuri katika kitambaa.

Jumapili baada ya Misa nilikipeleka kile kitabu nyumbani kwa mvulana. Niliomba msamaha mbele ya baba yake. Si jambo rahisi kwa mwalimu, lakini lilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Mvulana hakusema kitu; alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza kuona kama nimekichana.

Tangu hapo nakwenda kwao kila Jumapili jioni. Yeye asoma kwa Kifaransa, kisha afasiri kwa Kiswahili, akikwama, namsaidia. Baba asikiliza akisuka kamba ya wavu. Juzi tulifika mahali watu wa kijiji wanaponong'onezana juu ya nani ni mchawi. Mama, aliyekuwa akimenya mihogo kana kwamba hasikilizi, akainua kisu akauliza: "Na yule bibi aliyefukuzwa hapa kwetu wakati wa mvua uliopita, alishitakiwa na nani?"

Baba aliacha kusuka. Hakuna aliyejibu, hata mimi, ambaye siku ile nilikuwapo. Mvulana alitutazama mmoja mmoja, kisha akafunua ukurasa uliofuata.