Diya ya Wagalla

Februari 1984, wanajeshi na polisi wa Kenya waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia na kuwapeleka katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi kwenye jua kali siku kadhaa, bila chakula wala maji. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Miili ilibebwa kwa malori ikatupwa porini, na baadhi ya waliotupwa nayo walikuwa bado wanapumua. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu pale Wajir, aliwafuata huko, akaokota majeruhi na kuzika wafu.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakubali 380. Wenyeji hutaja maelfu. Mfikirie mjane ambaye mumewe hakuwamo katika wale 57. Kwa miaka 16 dola ilikuwa ikimwambia kwamba mume wake hakuuawa. Alilea watoto wake chini ya kauli hiyo.

Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Wajir kusikiliza. Kwa jumla Tume ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 nchini kote, na ikaandaa vikao vya wanawake peke yao, ili waseme yale yasiyosemeka mbele ya wakwe na wana. Ripoti ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Machi 2015 aliomba radhi Bungeni, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathirika. Lakini Bunge halijaipitisha ripoti hadi leo, na waliotoa ushahidi wameendelea kungoja.

Wapo wanaosema tusifukue makaburi, tutaamsha vita. Hofu hiyo naiheshimu, ila watu wa Wajir hawahitaji kufundishwa amani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zao zilipokuwa zikiuana, wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia sokoni, wakahakikisha mama wa ukoo wowote anauza na kununua bila kubughudhiwa. Kisha wakawaendea wazee, na mwaka 1993 koo zikaafikiana katika Azimio la Al-Fatah. Na katika mila ya Wasomali, damu ikimwagika, wazee huketi, waliouawa huhesabiwa, na ukoo uliokosa hulipa diya, yaani fidia ya damu. Mtu haombwi kusamehe kifo ambacho muuaji hajakikiri.

Naamini dola nayo inapaswa kuketi katika baraza hilo kama ukoo mwingine wowote uliomwaga damu. Radhi imeshaombwa, nayo ina uzito wake. Yaliyobaki ni hesabu na malipo. Wajane wa 1984 sasa ni vikongwe. Mfuko ule uanze na wao, wakiwa hai, na majina waliyoyataja mbele ya Tume yasomwe Bungeni, moja baada ya jingine.